Uvimbe Uko Wapi?

Bahasha ya picha za MRI haikunjiki. Haitoshei kwenye sanduku la hati ya shamba, haiingii kwenye droo, na katika nyumba nyingi huishia juu ya kabati pamoja na vitu vingine vinavyoogopwa kutupwa. Jirani yetu mmoja wa Kola, kule barabara ya kutoka Machakos kwenda Wote, aliiteremsha ya kwake jioni moja akaniletea. Mwanawe huendesha bodaboda kwenye steji ya sokoni. Kijana huyo aliugua homa ndefu, akapona, lakini akabaki na kichwa kinachouma, uchovu usiokwisha na usahaulifu wa ajabu: anambeba abiria, nusu ya safari anamuuliza tena anakokwenda. Familia ikachanga, ng'ombe akauzwa, wakaenda kupiga picha Nairobi. Kliniki moja ikawaambia kijana ana "uvimbe mdogo kwenye ubongo", ikawapa dawa za mwezi mmoja na tarehe ya kurudi.

"Mwanangu, wewe umesoma," mama aliniambia, akiinua filamu moja kuelekea mwanga wa dirishani. "Nionyeshe. Uvimbe uko wapi?"

"Mwaitu, mimi si daktari," nikamjibu. Lakini kusoma ripoti naweza, nami nikaisoma mara mbili. Haikuwa na neno uvimbe. Ilitaja vidoa vichache vyeupe ndani ya ubongo, ikasema havina maana mahususi, na kwamba daktari anayemtibu mgonjwa avilinganishe na dalili zake. Kati ya sentensi hiyo na yale aliyoambiwa mama pana pengo kubwa, na katika pengo hilo ng'ombe amekwisha kupotea. Swali la mama ni lilelile ambalo watafiti wa Ulaya, Marekani na Japani wamekuwa wakilihangaikia kwa zaidi ya miaka thelathini: je, picha inaweza kuonyesha ubongo unaowaka kidogo tu?

Kwanza tulimalize tatizo la lugha, maana nusu ya hofu ya nyumba ile ilitokana nalo. Tunasema uvimbe tukiwa na maana ya saratani au donge lililoota. Tunasema uvimbe tukiwa na maana ya ubongo uliojaa maji baada ya ajali. Na tunasema uvimbe pia tukikusudia kitu cha tatu: kinga ya mwili inapoamka kupambana, kama kidonda kinavyokuwa chekundu, cha moto, chenye kuuma. Daktari anayesema "uvimbe mdogo" huenda anawaza hili la tatu. Mama anasikia la kwanza na kuanza kufikiria mazishi. Hapa nitaliita hilo la tatu mwako, kwa sababu kinachotokea ni kuwaka kweli, na kwa sababu mwako unaweza kuwepo pasipo kitu chochote kuvimba.

Ubongo una walinzi wake, seli ndogo ziitwazo maikroglia. Siku zote hupapasa mazingira yao kwa vidole vyembamba, zikisafisha taka na kukagua mipaka. Kikiingia kijidudu, au seli za jirani zikifa, hubadilika umbo, huongezeka, na kumwaga kemikali za vita. Mwako mkubwa haufichiki hata kwa muuza duka: homa kali, shingo imekaza, mtu anaweweseka, anapata degedege. Hiyo ndiyo homa ya uti wa mgongo na ndugu zake. Mwako mdogo hauna sura. Unashukiwa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI wanaomeza dawa vizuri lakini akili imekuwa nzito. Kwa waliobaki hoi baada ya UVIKO. Kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu. Kwa baadhi ya wenye sonona. Kushuku ni rahisi. Kuuona ndio kazi.

Jibu langu nalitoa mapema, msomaji asije akangoja bure. Kwa mtu mmoja aliyeingia hospitalini leo, hakuna picha inayoweza kuthibitisha kwamba ana mwako mdogo kwenye ubongo, wala kwamba hana. Kwa makundi ya watu ndani ya utafiti, zipo picha zinazoashiria, na zinaashiria kwa masharti mengi. Anayeuza la pili kwa jina la la kwanza anauza ahadi.

Tuanze na mashine zenyewe. CT ni eksirei inayozunguka kichwa. Ni hodari kwa damu iliyovuja, mfupa uliovunjika, chokaa iliyoganda, na uvimbe mkubwa wa maji. Kwa mwako mdogo ni kipofu. MRI hutumia sumaku, kwa kawaida yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3, na kimsingi inachopiga picha ni maji: haidrojeni iliyomo kwenye maji ya mwili. Sehemu yenye maji mengi kuliko kawaida hung'aa katika aina fulani za picha. Ndiyo maana vidoa vya kijana wa Kola vilikuwa vyeupe. Lakini maji huongezeka kwa sababu kadha wa kadha. Shinikizo la damu la muda mrefu huacha vidoa kama hivyo. Kisukari huviacha, sigara huviacha, kipandauso huviacha, na umri peke yake huviacha, hata kwa mzee anayekwenda shambani kila siku bila kulalamika. Kidoa cheupe hakina saini.

Ipo njia ya kuongeza ukali wa macho. Mgonjwa hudungwa dawa ya gadolini, kisha hupigwa picha tena. Mishipa ya damu ya ubongo imefungwa vizuri kuliko mishipa ya sehemu nyingine. Katika hali ya afya gadolini haipenyi. Ikionekana imevuja, ukuta umetoboka, na hapo kuna jambo: jipu, kifua kikuu cha ubongo, saratani, mwako mkali. Tabu ni kwamba mwako mdogo, ule hasa tunaoutafuta, mara nyingi hauutoboi ukuta. Walinzi wanagombana ndani ya nyumba, mlango umefungwa, aliye barabarani hasikii.

Watafiti wakageukia kemikali. MRI ikipangwa kwa namna maalumu haitoi picha bali hupima viwango vya vitu kama kolini na mayo-inositoli, ambavyo hupanda pale seli za ulinzi na za msaada zinapoongezeka, na kingine, kwa kifupi NAA, ambacho hushuka seli za neva zinapoteseka. Wengine hutumia vipimo hivyohivyo kukadiria joto la ubongo sehemu kwa sehemu. Ni kazi ya akili nyingi, ila kila kimoja kati ya vipimo hivi hupanda na kushuka kwa sababu zaidi ya moja, na tofauti kati ya mwenye afya na mgonjwa ni ndogo kuliko tofauti kati ya mwenye afya mmoja na mwingine. Ukiwachukua watu 50 kwa 50 unaweza kuona mwelekeo. Ukimchukua kijana mmoja wa bodaboda huoni kitu cha kuapia.

Matumaini makubwa zaidi yaliwekwa kwenye PET. Hapa mgonjwa hudungwa kemikali iliyobeba mionzi kidogo, kemikali iliyoundwa ishike kitu fulani mwilini, kisha mashine inasoma imekwenda kujibanza wapi. Kwa mwako, shabaha ni protini iitwayo TSPO, iliyoko kwenye ngozi ya nje ya mitokondria, ile mitambo ya nishati ndani ya seli. Hoja ilikuwa rahisi: ubongo uliotulia una TSPO kidogo, maikroglia zikiamka inapanda, basi kemikali ikiganda mahali, hapo ndipo penye mwako. Kemikali ya kwanza kutumika sana iliitwa PK11195, na kwa miongo kadhaa makala nyingi sana ziliandikwa kwa kutegemea hoja hiyo.

Kisha nyufa zikaanza kuonekana. PK11195 hubebeshwa kaboni-11, ambayo nusu yake huisha kila baada ya dakika 20. Maana yake mtambo wa kuitengeneza lazima uwe hatua chache kutoka kitandani. Kizazi kilichofuata kilikuwa na kemikali zinazobeba florini-18, ambayo nusu yake huisha kwa karibu dakika 110, muda wa kutosha gari kutoka Nairobi hadi Machakos hata foleni ya Mlolongo ikiwa mbaya. Lakini kemikali hizo mpya zikaleta kioja: kwa baadhi ya watu hazikushika kabisa. Ikagundulika kwamba badiliko la herufi moja kwenye jeni la TSPO ndilo linaloamua. Aliyelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ubongo wake huonekana baridi hata kama unawaka. Badiliko hilo ni adimu Uchina na Japani, lakini ni la kawaida Ulaya na Afrika. Kwa hiyo mtu wetu hawezi kusomwa kwa kipimo cha Tokyo bila kwanza kupimwa jeni, na watafiti wa awali ambao hawakulijua hilo walikuwa wakichanganya mahindi na mchanga.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2023, pale watafiti walipoonyesha kwamba TSPO hupanda maikroglia zinapoamka katika panya, lakini katika binadamu haifanyi hivyo. Kwa binadamu huonyesha zaidi wingi wa seli hizo, si hasira yake. Ni kama kuhesabu askari kambini na kudai umejua kama vita vimeanza. Sisemi kazi yote ya nyuma ni bure. Nasema maana yake imebadilika, na ripoti nyingi za zamani zinahitaji kusomwa upya.

Mfano mzuri ni ule wa uchovu sugu, ugonjwa ambao dalili zake zinakaribiana na za kijana wa Kola: kuchoka kusikoisha, usahaulifu, kichwa. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walichapisha picha za PET za wagonjwa 9, wakaona dalili za mwako ukilinganisha na wenye afya. Habari zikatapakaa duniani, na wagonjwa waliokuwa wameambiwa kwa miaka kwamba wanajidekeza wakapata cha kushika. Mwaka 2022 timu ya Uholanzi ikarudia kwa kemikali ileile ya PK11195, ikakuta hakuna tofauti. Wagonjwa hawakuwa waongo. Ugonjwa wao ni wa kweli. Watu 9 tu ndio walikuwa wachache mno kubeba mzigo waliotwikwa.

Hayo ni ya mbali. Kwetu, historia ya picha za ubongo uliowaka ilianza na malaria. Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, Charles Newton na wenzake walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa CT wa watoto Wakenya waliopoteza fahamu kwa malaria, wakaonyesha ubongo uliovimba na sehemu zilizokosa damu. Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Terrie Taylor na timu yake walipata MRI mwaka 2008. Ilikuwa ya sumaku dhaifu, tesla 0.35, mashine ambayo hospitali nyingi za Ulaya zingeiona kuukuu. Mwaka 2015 matokeo yalitoka: watoto 168 wenye malaria ya ubongo walipigwa picha walipolazwa, 25 walifariki, na 21 kati ya hao ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya. Miongoni mwa waliopona, waliovimba vibaya walikuwa karibu robo tu. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakibishana ni nini hasa kinachomuua mtoto yule. Picha ya mashine dhaifu ikaelekeza kidole kwenye uvimbe unaobana shina la ubongo hadi pumzi inakatika.

Nimelitaja hili kwa kirefu kwa sababu ndiyo picha ya ubongo yenye manufaa zaidi iliyowahi kupigwa katika sehemu hii ya Afrika, na haikuhitaji kuona kitu kidogo. Ilihitaji swali lililonyooka na mashine iliyo karibu na wodi. Hata hapo, bado wataalamu wanajadili kiasi gani cha uvimbe ule ni mwako na kiasi gani ni damu iliyokwama kwenye mishipa iliyozibwa na vimelea. Ikiwa uvimbe mkubwa namna ile, unaoonekana hata kwa sumaku dhaifu, haujakubaliwa asili yake, basi mtu aangalie mara mbili kabla ya kuapa juu ya kidoa.

Tanzania ina mifano miwili inayofundisha. Haydom, katika nyanda za Mbulu, Andrea Winkler na wenzake waliwapiga CT watu 212 wenye kifafa na kukuta 38, karibu asilimia 18, wana alama za mabuu ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Miongoni mwa watu wasio na kifafa alipatikana mmoja tu. Buu akiwa hai hukaa kimya miaka mingi, kinga haimtambui. Siku anapokufa ndipo mwako unapolipuka kumzunguka, na degedege huanza. Huo ni mwako mdogo kwa ukubwa, wa sentimita moja hivi, na picha inauona vizuri kwa sababu umekusanyika mahali pamoja. Funzo ni kwamba udogo pekee si kikwazo. Kikwazo ni kusambaa: mwako uliotawanyika kidogo kila mahali hauna ukingo wa jicho kushika.

Mahenge ndiyo kisa kinachonisumbua zaidi. Tangu miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, aliyefungua kliniki ya kifafa huko, aliandika kuhusu watoto wanaotikisa vichwa kwa kuinamisha tena na tena kama wenye usingizi. Wenyeji walikuwa na jina lake: amesinzia kichwa. Ugonjwa huo huo ukaja kuwakumba maelfu kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya MRI za wagonjwa 12 wa Mahenge, na wengi wao walikuwa na mabadiliko kwenye hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu, au makovu ndani ya ubongo. Makovu, yaani majivu; moto ulikuwa umekwisha kupita. Mwaka 2017 watafiti wakapendekeza kwamba kinga iliyoamshwa na minyoo ya usubi huenda inaushambulia ubongo kwa makosa, kwa kuwa protini moja ya neva inafanana na ya mnyoo. Dalili hiyo ilipatikana kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo. Picha iliwaambia kwamba jambo limetokea; maji yakawapa fununu ya kwa nini.

Kwa upande wa virusi vya UKIMWI mambo ni hivyo hivyo. London, watu wachache wanaomeza dawa vizuri walipigwa PET na kuonekana na TSPO iliyopanda kidogo kuliko wenzao. Tafiti nyingine zikaona tofauti ndogo au hazikuiona. Kampala, kwa upande mwingine, Ned Sacktor na wenzake wa Uganda walisaidia kuunda mwaka 2005 kipimo kisicho na mashine: mtu anagonga vidole haraka, anafuata mpangilio wa mikono, na anakumbuka maneno manne aliyopewa dakika mbili zilizopita. Alama ni 12. Akipata 10 au chini achunguzwe zaidi. Kipimo hicho hakidai kuona mwako. Kinauliza kama ubongo unafanya kazi yake, na hilo ndilo mgonjwa alilokuja kuulizia.

Sasa tuje kwenye swali la umbali kati ya mashine na mgonjwa. Kenya ina PET Nairobi, katika hospitali ya Aga Khan na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na hilo si dogo. Si zamani sana Wakenya walilazimika kupanda ndege kwenda India kwa picha hiyo. Lakini kazi ya mashine hizo ni saratani, na kemikali yake ya kila siku ni sukari yenye florini-18. Ubongo hula sukari mchana na usiku, kila pembe, hivyo kwa sukari hiyo ubongo wote hung'aa na mwako mdogo unamezwa na mng'ao.

Upande wa pili kuna habari njema zinazotoka Mbarara. Johnes Obungoloch wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha huko, pamoja na wenzake wa Leiden na Delft nchini Uholanzi na wa Penn State, Marekani, waliunganisha MRI ndogo palepale chuoni kwa siku 11. Nguvu yake ni karibu tesla 0.05, haihitaji heliamu, na sehemu zake fundi wa Mbarara anaweza kuzifungua na kuzirekebisha. Lengo lao la kwanza lilikuwa watoto wachanga wa Uganda waliojaa maji kichwani baada ya maambukizi, wale ambao hospitali ya CURE kule Mbale imewapasua kwa maelfu. Mwaka 2020 ilibainika kwamba kwa baadhi yao chanzo ni bakteria wa jamii ya Paenibacillus, jambo ambalo hakuna picha ingeweza kulitaja kwa jina. Kampuni ya Hyperfine ya Marekani nayo inatengeneza MRI ya tesla 0.064 inayosukumwa kwa magurudumu na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani.

Mashine kama hizi ndizo zitakazofika Kola siku moja, kama zitafika, mahali ambapo stima hupotea mvua ikinyesha. Zitaona maji yaliyojaa, damu, uvimbe mkubwa. Mwako mdogo hazitauona. Picha zake ni za ukungu, na hata gadolini huzisaidia kwa kiasi tu. Kwa sasa mashine inayoweza kufika haioni, na ile inayokaribia kuona haiwezi kufika. Siioni kasoro hiyo kuwa sababu ya kuzikataa zile ndogo. Blantyre imeshaonyesha kinachowezekana kwa sumaku dhaifu. Naikataa tu lugha ya wauzaji, ambayo tayari imeanza kusikika, kwamba picha ni picha.

Kuna mfano mmoja kutoka upande wa mwako mkali ambao ningependa kila familia iujue. Mwaka 2007 Josep Dalmau alieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya NMDA kwenye ubongo. Mara nyingi humpata msichana au mwanamke kijana: anaanza kusikia sauti, anapiga kelele, anakakamaa, anapata degedege. Kwetu angepelekwa kuombewa, au kwa mganga, au hospitali ya wagonjwa wa akili. Huo ni mwako wa kweli, unaoua, na unaotibika. MRI yake kwa wagonjwa walio wengi hurudi safi. Yanayoukamata ni maji ya uti wa mgongo yaliyopimwa kingamwili. Kama moto mkubwa hivyo unaweza kupita mbele ya sumaku bila kuonekana, picha safi haimwambii mtu kwamba hana kitu, kama vile kidoa kisivyomwambia kwamba anacho.

Ndiyo maana nilimuuliza mama wa Kola maswali ambayo hayahusu filamu. Je, kijana alitolewa maji ya mgongo? Hapana, walisikia kwamba sindano hiyo hupoozesha. Uvumi huo nimeusikia Ukambani kote, na umewagharimu watu, kwa sababu wagonjwa wengi huipata sindano wakiwa tayari wamezidiwa, kisha sindano inalaumiwa kwa kifo ambacho homa ya uti wa mgongo ilikuwa imekwisha kukiandaa. Kwa mtu asiye na dalili za mgandamizo mkubwa kichwani, ni kipimo salama, na hospitali ya wilaya ya zamani ilikifanya kabla hatujasikia neno MRI. Je, alipimwa virusi, kaswende, kifua kikuu? Virusi tu. Je, presha? Mama hakukumbuka. Je, aliwahi kuanguka na pikipiki? Hapo alicheka kwa uchungu. Mara mbili, na helmeti ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani.

Na ile homa ndefu ilikuwa homa gani? Duka la dawa lilimpima na kusema ni brusela, ile ya maziwa mabichi na mbuzi, nayo huweza kabisa kuacha uchovu na maumivu ya kichwa kwa miezi. Lakini kipimo cha haraka cha brusela kinachotumika katika vituo vingi vya Kenya kilichunguzwa na watafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, na kilionekana dhaifu sana: wengi wanaoambiwa wanayo hawana. Kwa hiyo hata mwanzo wa hadithi haukuwa imara, na juu ya mwanzo huo ikajengwa picha ya shilingi nyingi.

Dawa alizopewa nilizitazama pia. Moja ilikuwa steroidi. Hii ndiyo dawa ya kuzima mwako, na pale mwako ulipothibitishwa huokoa maisha. Pale ambapo mwako ni wa kukisia, na nyuma ya pazia kuna kifua kikuu kilichojificha, au buu la tegu, au mnyoo wa strongiloidi, steroidi huwafungulia mlango wale waliokuwa wamezuiwa. Anayesema "uvimbe mdogo" kwa urahisi huandika na steroidi kwa urahisi. Nilimsihi mama asiikatize ghafla, maana kuikatiza nako kuna hatari, bali waende hospitali kuu ya Machakos wiki hiyohiyo na ripoti mkononi, wakamwone daktari wa magonjwa ya ndani.

Akataka kujua basi picha ile ilikuwa ya nini, kama haisemi chochote. Nikamweleza kuhusu Uingereza, ambako watu 785 walipigwa MRI, kisha UVIKO ukaja, wakapigwa tena. Waliougua, 401, walionekana kupoteza ubongo zaidi kidogo tu kuliko wenzao. Tofauti hiyo isingeonekana kamwe kwa picha moja. Iliwezekana tu kwa sababu kila mtu alikuwa na picha yake ya zamani. Vidoa vya mwanawe leo havina maana mahususi. Miaka miwili ijayo, vikiwa vilevile, vitakuwa na maana, na vikiwa vimeongezeka, vitakuwa na maana nyingine.

Akarudisha filamu ndani moja moja. Nikamwomba kalamu. Nje ya bahasha niliandika tarehe kwa herufi kubwa, na chini yake, kama ilivyokuwa kwenye ripoti, nguvu ya sumaku: tesla 1.5. Kisha nikamsaidia kuirudisha juu ya kabati, upande usiovuja mvua.